Dua ya Karafuu

Baba yangu hakuwa mkulima. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijiji chetu, robo saa kwa gari kutoka Ibra, walimsema kwa mengi, na katika mengi hayo hilo peke yake ndilo la kweli. Alikuwa karani. Alikaa wizarani Maskati miaka kumi na saba akigonga mihuri, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa Unguja, mtoto wa mwenye mikarafuu. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akasema sasa anarudi kwao. Kwao penyewe hajawahi kulala hata siku moja. Palikuwa na shamba la mitende la babu yake, mitende arubaini na kitu, pamoja na zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa zamani unaotoa maji chini ya mlima na kuyaleta mashambani. Akatufungasha, mama na mimi, tukaenda.

Shamba hilo lilikuwa likitunzwa na ami yangu, binamu wa baba, ambaye wazee wake hawakuwahi kuvuka bahari. Miaka yote watu wetu wako Unguja wanakula maembe, yeye yuko pale na kamba kiunoni anapanda mitende, anaitia mbelewele ya madume ili izae, anavuna. Siku tuliyofika alitupokea vizuri, sisemi uongo. Alimkabidhi baba mbele ya watu, akamwambia, "Mali yako, mwana wa ami." Kisha akaenda zake na hakutia mguu shambani mwezi mzima. Mama aliliona hilo. Alisema, "Huyu kaumia." Baba akamwambia ana wasiwasi tu.

Pale kijijini tulikuwa Wazinjibari, watu wa Zanzibar. Halikuwa tusi. Mwenye duka alilisema kwa kucheka, imamu alilisema kwa upole, watoto waliniita hivyo njiani wakati narudi kutoka chuoni Ibra na vitabu vyangu. Lakini likisemwa kila siku, mtu unachoka. Kiarabu cha baba kilikuwa cha vitabuni na cha ofisini; akisimama na wazee wa falaji wanaosema harakaharaka, yeye anabaki anatabasamu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mama alikuwa akisema, na baba alitaka kamba hiyo ikatike. Hilo ndilo alilolitaka duniani, wala si tende. Alitaka siku moja akae kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa kijiji, aulizwe jambo kwa sababu ni mwenyeji, si kwa sababu mgeni lazima aheshimiwe.

Basi akajifunza. Mtu wa miaka hamsini na tisa anajifunza kupanda mtende, wallahi mngecheka. Alianguka mara mbili, mara zote kutoka chini chini, akajifuta kanzu yake na kusema ardhi imemsalimu. Alijifunza kusoma kivuli cha kijiti kinachopima zamu za maji, nusu saa kwa nusu saa. Alijifunza kwamba joto la mwezi wa nane ndilo linaloivisha tende za mwanzo, na kwamba tende za mwisho, zile nyekundu wanazoziita khasabu, zinangoja mpaka joto lianze kuvunjika. Huo ndio msimu niliokuwa nikiupenda. Sisi nyumbani tuliendelea kuuita vuli, ingawa vuli ya huku haina mvua. Asubuhi unatoka unakuta baridi kidogo kwenye majani, mchana jua bado linachoma, na alasiri mawingu yanajikusanya juu ya milima halafu hayafanyi kitu. Mashambani kunakuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuangusha khasabu na kuzianika, na huku chini kulima vitalu vya vitunguu na thomu kabla baridi haijaingia.

Tende zinaanikwa kwenye sakafu ya wazi, juu ya makuti yaliyosukwa, siku kumi mpaka kumi na tano. Zinageuzwa kwa mkono. Na baba, aliyekuwa mbumbumbu kwa kila kitu kingine, kwenye kuanika alikuwa bingwa. Utotoni mwake wote alianika karafuu. Alipiga magoti, akashika tende moja, akaibonyeza, akainusa, akakwambia bado siku tatu. Hata ami alikuja kuangalia. Alizionja, akasema za baba zimekauka vizuri kuliko zake, akaondoka na kikapu. Baba aliizungumzia ziara hiyo mpaka Ramadhani.

Sasa karafuu na tende zina adui mmoja, nayo ni mvua ya wakati wa kuanika. Tofauti ni kwamba Unguja msimu wa karafuu na msimu wa vuli inagongana. Kila mwaka watu wanaishi na roho mkononi. Wingu likitokea, nyumba nzima inakimbia: mwenye jamvi akunje, mwenye pakacha abebe, mwenye mtoto amweke chini. Karafuu ikilowa inakuwa mpeta, nyeupe, haina mafuta, haina bei, haina harufu. Kwa hiyo babu yangu, baba alitwambia, alikuwa na mazoea yake. Wingu likisogea alisimama katikati ya uwanja wa kuanikia, akainua mikono, akaomba ile dua inayojulikana ya kuiomba mvua iwe pembezoni mwetu, isiwe juu yetu. Iende kwa wengine. Na hakuna aliyemwona mbaya, kwa sababu kila mwenye karafuu alikuwa akiomba hivyo hivyo na mvua ya Unguja inawatosha wote, inabaki.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Ulikuwa mwaka wa tatu bila wadi kuja, yaani bila lile bonde la mawe kupitisha maji. Falaji lilikuwa limeshuka mpaka ukitia mguu maji hayafiki kwenye kifundo. Wazee walikutana wakaamua mitende kwanza, vitalu baadaye. Maana yake mwaka huo hakuna vitunguu wala thomu, na ardhi ya vitalu ikakauka ikapasuka, ikawa inatoa vumbi ukiikanyaga. Mbuzi walikula makatoni ya karatasi. Serikali ikatangaza sala ya kuomba mvua, na wanaume wa kijiji wakatoka uwanjani asubuhi, wakasali, wakageuza mabishti yao, yale majoho ya juu ya kanzu, nje ndani, kama inavyofanywa, ili Mungu naye ageuze hali yao. Baba alikuwa safu ya kwanza. Alirudi macho mekundu. Alisema hajapata kusikia watu wazima wakilia vile.

Baada ya siku tisa au kumi, khasabu zetu ziko sakafuni. Huo ndio ulikuwa mwaka wetu mzuri, kwa sababu baba aliisombea mitende yake maji ya ziada kwa pikapu, mapipa manne kila alasiri kutoka kisima cha barabarani, na ikamlipa. Sakafu ilijaa mpaka akaazima makuti kwa jirani. Ilikuwa siku ya nne ya kuanika. Saa tisa mchana nilimpelekea chai. Mama alikuja nyuma yangu na sahani ya mandazi. Tukaona wingu juu ya mlima, jeusi, limeshuka kuliko kawaida, na upepo ukaja na ile harufu ya vumbi lililolowa.

Baba alikuwa na turubai moja. Lilifunika robo ya sakafu. Alilivuta huku, akaliona halitoshi, akalivuta kule, akaliacha. Kisha akasimama katikati ya tende zake, akaweka miguu pale penye nafasi, akainua mikono.

Nilimsikia. Mama alimsikia. Aliiomba ile dua ya babu, kwa Kiarabu safi kabisa, neno kwa neno, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. Iwe pembezoni mwetu, isiwe juu yetu.

Mimi nikacheka. Mama akanipiga kwenye bega akasema, "Kelele, mtu anamwomba Mola wake." Nadhani hata yeye hakufikiri. Sisi watatu tulikuwa tumesimama kwenye nchi iliyolia mvua miaka mitatu, na wote watatu, kwa dakika ile, tulikuwa Unguja.

Wingu likapita. Hili ndilo nisiloweza kulieleza vizuri hata leo. Lilisogea taratibu juu yetu, likatupa kivuli, likatupa matone labda ishirini yaliyoacha alama kwenye vumbi, halafu likavuka kilima. Tuliiona mvua ikining'inia upande wa pili, rangi ya kijivu, imeshuka mpaka chini. Wadi ya kule ilikuja usiku huo huo. Kesho yake watu wa kijiji chetu walipakiana kwenye magari, wanawake na watoto na mathermosi ya kahawa, wakaenda kuangalia maji ya wenzao. Ndiyo desturi ya huku: wadi ikija, watu wanakwenda kuitazama. Walirudi kimya.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipofanya yangu. Siku iliyofuata mama alinituma na sahani ya biriani kwa mke wa ami. Mama mwenyewe alikuwa ameshikwa na mafua tangu usiku wa wingu lile, hakutoka nyumbani wiki nzima. Mke wa ami alinipenda. Alikuwa akiniketisha jikoni, ananipa kahawa, ananifanya niongee kwa sababu Kiarabu changu kilikuwa cha huko huko, cha skuli, nikisema alisahau kuwa mimi ni Mzinjibari. Na mimi nikapenda asahau. Nikitaka kumfurahisha nilikuwa nikimfanyia mzaha wa baba yangu: baba anavyopanda mtende, baba anavyosema na mbuzi Kiswahili. Alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu.

Siku ile nikamwambia, "Unajua baba juzi kalifukuza wingu?" Nikainuka, nikanyanyua mikono, nikaiga sauti yake. Neno kwa neno.

Alicheka. Nataka hilo lijulikane, alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Ameyasema hayo kweli?" Nikasema ndiyo, ndivyo wanavyofanya na karafuu. Akanimiminia kahawa nyingine, akabadilisha mazungumzo. Mimi nikanywa, nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Ulimi hauna mfupa. Nimeusikia msemo huu tangu nikiwa mdogo, na sikudhani unanihusu mimi, msichana wa chuo.

Hakuna aliyekuja kugombana nasi. Kama mnadhani walitupa mawe, hamuwajui watu wa Sharqiya, mkoa wetu ule. Waliitikia salamu ya baba mpaka mwisho. Lakini mwenye makuti alikuja kuyachukua makuti yake siku ya saba, tende hazijakauka, akasema anayahitaji. Kwenye sabla kahawa ilimfikia baba kama kawaida, ila pembeni yake pakawa hapajai. Vijana waliotusaidia kuangusha tende wakawa kila mmoja ana safari, huyu Sur, huyu Maskati. Ami akaacha kuja kuonja. Baba hakuelewa. Alidhani amekosea zamu ya maji, akaenda kukipima kile kijiti mara tatu. Alimuuliza mama, "Nimemuudhi nani?" Mama akasema labda wana shida zao. Mimi nilikuwa pale nakunja nguo. Nilijua. Nikaendelea kukunja.

Mvua haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Falaji likakatika kabisa, kwanza siku mbili tatu, halafu wiki, halafu mawe ya mfereji yakawa meupe na watoto wakacheza humo. Na tuseme kweli, kwa sababu ukweli una haki yake: kila mtu alijua maji yamekwenda wapi. Huko juu, karibu na chanzo, vilikuwa vimechimbwa visima na vimefungwa mashine, vinavuta mchana kutwa. Kimoja kilikuwa cha ami. Mabwana wa serikali walikuja na vipimo, wakasema hivyo hivyo, visima vimezidi. Watu wakawasikiliza, wakawapa tende na kahawa, wakaagana nao. Lakini mashine huwezi kuinung'unikia, na ami huwezi kumtaja kwenye sabla anayokaa mwenyewe. Baba alikuwepo tayari. Baba alikuwa ameomba iende pembezoni, na imekwenda pembezoni, nani hakuiona?

Vuli iliyofuata ikatangazwa tena sala ya mvua. Baba alilitoa bishti lake sandukuni siku mbili kabla, mama akalipiga pasi. Jioni ami akaja. Alikuwa hajaja muda mrefu, baba alifurahi mpaka akamwagia kahawa mkeka. Wakakaa. Ami akauliza hali, akauliza afya, akauliza mitende. Kisha akasema, akiangalia kikombe chake, "Kesho wewe pumzika nyumbani, mwana wa ami. Jua litakuwa kali."

Baba akasema jua halimdhuru.

Ami akasema, "Wazee wanaona ni bora upumzike."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la matunda. Sikutoka. Nilimsikia baba akiweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Sawa. Nitapumzika." Ami akainuka, akambusu begani kwa heshima, akaenda zake. Sinia likabaki mikononi mwangu.

Asubuhi yake nilimwona baba ameketi kwenye ngazi ya nyuma na bishti mapajani, amelikunja vizuri. Kutoka uwanjani sauti ya imamu ilikuwa inafika. Aliposikia wamefika mahali pa kugeuza, naye akalikunjua, akaligeuza nje ndani, akalikunja tena. Nilirudi ndani nikalia kwenye mto wangu. Ningeweza kumwambia saa ile. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, si mtoto. Nilimwogopa, na si kwamba angenipiga, baba hajawahi kumpiga mtu. Niliogopa angenisamehe.

Mwaka uliofuata niliolewa Nizwa. Nilikuwa nikija vuli kila mwaka, kwa sababu ndio msimu wa kazi na baba hana mtu. Sikuja kusaidia tu, nilikuja kuhesabu. Mtende ukikosa maji haufi kwa kishindo. Makuti ya nje yanalegea, halafu ya ndani, tende zinakuwa ndogo na ganda linashikana na kokwa, mwaka mmoja, miwili, halafu ule moyo wa juu unakauka na siku moja unaukuta mti ni nguzo tu. Thalathini na tisa. Ishirini na sita. Kumi na minane. Baba alisomba maji kwa pikapu mpaka magoti yakamkataa na kisukari kikamla kidole cha mguu, kisha kingine. Akamwajiri kibarua, kijana wa Kibangladeshi tuliyemwita Mbangla, asombe yeye, na yeye baba akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mtende mmoja anamwelekeza kwa bakora. Mitende aliyochagua kuinusuru ilikuwa ya khasabu. Kumi na moja.

"Kwa nini usiache?" nilimwambia mara moja. "Njoo Nizwa ukae nasi. Kule maji yapo."

"Nikiondoka watasema nimekimbia," alisema.

"Nani atasema? Hawasemi na wewe."

Akanitazama, akacheka kidogo. Alisema, "Ndiyo maana."

Vuli ya mwisho ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilimkuta amekonda, shati linamning'inia. Tende za ile mitende kumi na moja zilijaza pembe moja tu ya sakafu, na alizikalia kama kuku anayeatamia. Safari hii turubai lilitosha, na likabaki. Mbangla alilikunja kila asubuhi akaliweka tayari ukutani. Siku ya sita, baada ya sala ya adhuhuri, upepo ukabadilika. Nilikuwa jikoni. Nilisikia ile harufu na nikaacha sufuria motoni, nikakimbia, na mama naye, mtu mzima na mgongo wake, akakimbia. Karafuu zile, hazitutoki.

Tulikuwa tumeshashika turubai kila mmoja ncha yake, Mbangla wa tatu, wakati baba aliposema, "Acheni."

Nikadhani hajaona. Nikamwambia, "Baba, mvua hiyo."

"Naiona. Acheni. Wekeni chini."

"Zitaoza zote."

"Zioze," alisema. "Mwaka huu sitaki kusikia mtu kafunika."

Mama akaachia. Mimi nilikawia kidogo, kisha nikaachia. Ikanyesha. Haikuwa mvua kubwa, nimeona kubwa kuliko hiyo, lakini ilikuwa juu yetu, juu ya paa letu na juu ya sakafu yetu, na tende zilikuwa zinang'ara nyekundu na maji yanapita katikati yake yanachukua sukari yake, maji rangi ya chai. Mbangla alikimbilia kibandani. Baba hakutoka kwenye kiti. Kofia ilimshikana kichwani. Nilisimama karibu naye nikamziba kwa mtandio wangu, akauondoa kwa mkono.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Nenda kamwambie."

"Nani?"

"Mke wa ami yako. Kamwambie imenyesha kwangu na sikuizuia." Akapangusa maji usoni. "Nenda kama ulivyokwenda siku ile."

Nikasema, "Siku gani?" Uongo wa kitoto.

"Tulikuwa watatu, mwanangu. Mama yako alikuwa na mafua, hakutoka."

Alikuwa anajua. Miaka yote ile, nakuja kila vuli na mafuta yangu ya kumkanda na dawa zangu za Nizwa, anajua. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye matope lakini alinionyesha njia kwa bakora, kama alivyokuwa akimwonyesha Mbangla, na nikaenda. Nilipita kwenye njia ya falaji nimelowa mpaka kwenye mifupa. Mfereji ulikuwa na maji ya mvua kidogo, na makopo yanaelea.

Mke wa ami alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amezeeka, amefunga kitambaa kichwani, na alifurahi kuniona, alitaka kunivutia ndani nikabadilishe nguo. Nikabaki kizingitini. Nikamwambia kama nilivyotumwa: imenyesha kwa baba, tende ziko chini, hazikufunikwa, yeye mwenyewe kakataza.

Alinisikiliza vizuri. Akashika mdomo, macho yake yakajaa machozi. Na alisema kwa huruma ya kweli kabisa, naapa, hakuwa na kejeli hata chembe: "Alhamdulillahi. Basi Mungu amemsamehe."

Nikamjibu nini? Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na kisima cha mumewe mdomoni, na mashine yake, na yale mabishti, na lile jua kali la kupumzikia. Nilikuwa na kosa langu mwenyewe, ambalo yeye alilibeba kutoka jikoni humo humo. Nikasema, "Amina." Nikarudi.

Mvua ilikuwa imekwisha. Wadi haikuja. Mama alikuwa amemwingiza baba ndani, amembadilisha, amemfunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Aliponisikia akafungua macho.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

Nilimwangalia. Mara hii niliyapima maneno kabla ya kuyatoa, miaka minane nimechelewa. Nilitaka kumwambia: baba, hukukosa kitu, ulimwomba Mola wako akuhifadhie tende, na aliyekuponza ni mimi, na aliyewanyima maji ni ami, na hakuna hapa wa kusamehewa ila sisi. Ndilo lililokuwa kweli. Lakini alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye mto ananisubiri, kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.

Nikasema, "Kasema Mungu amekusamehe."

Shingo ikalegea. Akafumba macho, machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, na akawa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kwa sauti ndogo. Sijapata kumwona na furaha vile, si Maskati, si siku ya harusi yangu. Akanishika mkono na kuubusu, yeye, baba yangu, akaubusu mkono wangu, akasema ahsante kwa kwenda.

Mafua yakageuka kifua. Alikwenda kabla baridi haijaingia sawasawa. Ami alikuja kuzika, akakaa matangani siku zote tatu, kwenye nafasi ya mwenye msiba, akipokea mikono. Watu walijaa mpaka nje. Wazee walisema alikuwa mtu wa hapa. Tende zilizokuwa sakafuni zilikuwa zimeshachacha, na wakati wa matanga harufu yake ilikuwa inaingia mpaka ndani. Siku ya nne nilizizoa kwa koleo, mimi peke yangu, nikawapelekea mbuzi wa ami.